Kadi ya Waifai na Chumba cha Uani

Nyumba nyingi za Miritini, kama zilivyo za Changamwe na Kisauni, zimejengwa kwa ramani tuliyorithi: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Fundi anapokuja kutuingizia intaneti, waya wake huishia karibu na mlango wa mbele, kwa kuwa ndiyo njia fupi, na ruta ikatundikwa sebuleni. Basi sebule, ambayo ni ya wageni, ndiyo yenye mtandao mzuri kuliko pahali pengine pote, na chumba cha uani, ambacho aghalabu ni cha watoto wa kike, huambulia makombo. Nimeyafikiri sana mambo haya tangu iliponilazimu kuchagua kadi ya waifai ya kompyuta yetu ya mezani. Dukani swali hilo huulizwa kwa kasi na bei. Nyumbani kwangu lilikuwa swali la nani aketi wapi.

Kitindamimba wangu anasomea uhasibu. Darasa lake la saa moja na nusu za usiku hufanywa kwa video, mara tatu kwa juma, na chuo kimeweka sharti kwamba atakayekosa vipindi zaidi ya kumi katika muhula hataandikishwa mtihani. Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefungwa kwenye ruta kwa waya. Na tangu stesheni ya treni ya SGR ifunguliwe hapa Miritini mwaka 2017, nyumba yetu imekuwa kama kituo kinachofuata: jamaa wa Nairobi wakishuka usiku hufikia kwetu kwanza, ndipo wapange safari ya Likoni au Malindi. Mgeni haambiwi asubiri barazani eti kuna darasa. Wanaume wakirejea kutoka msikitini baada ya Isha, binti huinuka na kuondoka, hata mwalimu akiwa katikati ya maelezo. Muhula haujafika nusu, alikuwa keshakosa vipindi saba.

Kaka yangu mkubwa alipopata habari kwamba nataka kuihamishia kompyuta uani, hakupendezwa. "Kompyuta ya mtoto hukaa mbele ya macho ya wazee," alisema, na hoja yake si ya kupuuzwa. Sote tumeona yanayoingia majumbani kwa mlango huo. Mke wangu akamjibu kwa upole. "Shemeji, sebuleni mwamuona, lakini hasomi. Chumba chake kinaelekea jikoni, mlango huwa wazi, na mimi niko jikoni tangu Magharibi mpaka darasa liishe." Kaka akanyamaza kidogo, kisha akauliza kutoka sebuleni hadi uani ni hatua ngapi. Tangu hapo mazungumzo yakawa ya ufundi.

Niseme kwanza kwamba penye uwezekano wa waya, waya ni bora. Hauyumbi, wala haugombani na waifai ya jirani. Lakini nyumba yetu ni ya kupanga na mwenyewe hataki kuta zitobolewe, na waya uliotandazwa ukumbini siku moja utamwangusha bibi yao. Ndipo nikaijia kadi.

Kabla ya kwenda dukani nilitia katika simu programu ya bure ya kupimia waifai, nikatembea nayo chumba hadi chumba. Programu hizo huonyesha nguvu ya mawimbi kwa tarakimu za hasi: kadiri tarakimu inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Hasi 50 ni neema. Hasi 67 hivi, video bado hukaa sawa. Hasi 80, hata ujumbe mfupi husuasua. Ruta yetu, kama nyingi za siku hizi, hurusha mawimbi ya namna mbili. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hayawezani na kuta. Ya gigahezi 2.4 yana kasi ndogo lakini hupenya zaidi. Sebuleni yote mawili yalikuwa na nguvu tele. Mezani kwa binti, ng'ambo ya kuta mbili nene za mawe ya matumbawe, yale ya 5 yalianguka hadi hasi 84, na ya 2.4 yakasimama kwenye hasi 72.

Kuna jambo hapa hunifanya nitabasamu. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa, ile ya kwanza ikitokea Fujairah, na tangu hapo tumekuwa na njia ya intaneti iliyopita chini ya bahari. Somo la binti yangu laweza kuvuka bahari lisichoke, kisha likashindwa na ukuta wa chumba cha pili.

Katikati ya njia hiyo palikuwa na kabati la nguo lenye kioo kirefu. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, na madini huyarudisha mawimbi ya waifai kama kinavyorudisha sura ya mtu. Friji nayo ni vivyo hivyo. Tulilisogeza kabati hadi ukuta wa pili, kazi ya dakika kumi na jasho jingi, na hasi 72 ikawa hasi 66. Kisha nikahesabu waifai za majirani: kumi na moja, na nyingi zimerundikana katika mkondo mmoja. Katika masafa ya 2.4 mikondo isiyoingiliana ni mitatu tu, wa 1, wa 6 na wa 11. Nikaihamisha ruta yetu kwenye ule wenye watu wachache. Mpaka hapo sijatoa hata shilingi.

Dukani kijana alinipokea kwa heshima na akanionyesha kadi yenye maandishi ya AX3000. "Mzee, chukua hii, hutaijutia. Kasi elfu tatu." Nikamuuliza, "Elfu tatu za wapi, mwanangu?" Akacheka, alikuwa kijana mkweli. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kujumlisha masafa yote mawili: megabiti 2402 za gigahezi 5, na 574 za gigahezi 2.4, tena iwapo ruta nayo ni ya kizazi hicho na kompyuta iko karibu nayo. Chumbani kwa binti masafa ya 5 hayafiki, basi zile 2402 zimeshaondoka katika hesabu. Na mkataba wetu wa intaneti ni wa megabiti 15 kwa sekunde kwa nyumba nzima. Darasa la video halitumii hata megabiti nne. Kadi ya kizazi cha N, kile kilichoidhinishwa mwaka 2009, kwa antena mbili tu hufikia megabiti 144 katika mkondo wa kawaida wa 2.4, hata ukipata thuluthi yake, mkataba umetosheka na kasi imebaki.

Kwa hiyo sikutafuta kasi. Nilitafuta antena, na mahali pa kuiweka.

Vile vidude vya USB vidogo kama ukucha, vya shilingi elfu moja hivi, vina antena ndogo mno, na aghalabu huchomekwa nyuma ya kompyuta, chini ya meza, huku kasha zima la chuma likiwa kati yao na ruta. Zaidi ya hayo, matundu ya USB 3 yenye kazi nyingi hutoa kelele inayoyasumbua masafa ya 2.4 hayo hayo. Sivitukani vidude hivi. Asiyeweza kufungua kompyuta yake anunue chenye antena ya kusimama, akiunganishe kwa waya wa USB wa mita moja, akiweke juu ya meza, kitamfaa sana.

Mimi nilichagua kadi ya kupachika ndani, katika tundu la PCI Express, kwa sababu moja: antena zake mbili ziko kwenye kitako chenye waya, na kitako hicho huwekwa popote waya unapofika. Bei yake ilikuwa karibu mara nne ya kile kidude. Kuna jambo moja la kuangalia ambalo laweza kumrudisha mtu mjini kwa matatu ya pili. Kompyuta nyingi tunazonunua hapa ni za mtumba kutoka ng'ambo, zile nyembamba zilizokuwa za maofisini, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii ndani yake. Lazima boksi liwe na kile kibati kifupi cha kushikilia kadi; nilimwomba kijana alifungue mbele yangu nikakiona. Pia asiuziwe mtu kadi ya Intel AX201 akidhani ni AX200. Zinatofautiana tarakimu moja, lakini ya kwanza hufanya kazi tu katika kompyuta zilizoundwa kuipokea, na ya mtumba ya miaka mingi si mojawapo.

Kuipachika hakukuchukua nusu saa, baada ya kuchomoa waya wa stima na kugusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usiiunguze. Kompyuta ikaiona kadi lakini ikaomba programu yake ya kuiendesha, nayo programu iko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Binti akaunganisha simu yake kwa waya wa kuchajia, akaigawia kompyuta mtandao wa simu kwa dakika chache, mambo yakaisha. Kitako cha antena tulikijaribu pembe nne za chumba. Pazuri palikuwa juu ya rafu ya vitabu, kando ya mlango, penye hasi 57.

Kaka alikuja Ijumaa iliyofuata, akapitia ukumbini hadi uani, akasimama mlangoni. Mwalimu alikuwa akifafanua hesabu za kushuka thamani kwa mali. Akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akarudi sebuleni kunywa kahawa, na wala hakulitaja tena suala la macho ya wazee. Siku ya tatu alinipigia simu kuuliza kuta za kwake Likoni zitapimwaje.

Muhula uliisha binti akiwa amekosa vipindi vinane. Kile cha nane kilikuwa usiku ambao stima ilikatika mtaa mzima, ruta ikazimika pamoja na taa, na wageni sebuleni wakaomba mshumaa.