Barua kutoka ughaibuni: Ngome za mshindi, nchi ya wenyewe

Mjomba wangu mpenzi,

   Wewe na mkaza mjomba mliniuliza mkija huku Manchester mwezi wa Juni tutakwenda wapi, mkasema kelele za mji mkubwa hamzitaki. Nimelifikiria jambo hilo, na jibu langu ni Wales ya kaskazini. Naeleza kwa kirefu ili msome wote wawili, mshauriane, kisha mniambie mnachokubali na mnachokataa.

Wales ni nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza, upande wa magharibi. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 20,700, na watu wake ni milioni tatu na kitu. Pande tatu ni bahari. Tangu mwaka 2012 ipo njia ya miguu inayofuata pwani yake yote, kilomita 1,400, na ngome zake, nzima na magofu, huhesabiwa kwa mamia. Wengi wanaopanga likizo huko huona wingi huo wakataka kuumaliza kwa wiki moja. Mimi nashauri tuchague mahali pachache, tukae, na kila ngome tuiulize swali moja: ilijengwa na nani, na ili kumzuia nani?

Wewe mjomba umeshika mwiko wa uashi maisha yako yote, na Fort Jesus umeipita tangu utotoni. Unajua kwa nini Wareno waliiweka pale mwaka 1593: aliyeushika mlango wa bandari ameushika mji. Unajua pia kwamba Waomani walipoizingira mwaka 1696, iliwachukua karibu miaka mitatu kuiteka, maana mara kwa mara meli ziliweza kuwafikia waliokuwa ndani.

Ngome za Wales ya kaskazini zilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alivamia mwaka 1277, akarudi tena 1282. Desemba ya mwaka huo Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wawelshi, akauawa, na utawala wao wenyewe ukavunjika. Hapo ndipo zilipoanza kuinuka Conwy, Caernarfon na Harlech, kisha Beaumaris mwaka 1295, zote mahali ambapo chombo kingeweza kufika. Mwaka 1294, Wawelshi walipoasi chini ya Madog ap Llywelyn, Edward mwenyewe alikwama ndani ya Conwy, na Harlech ikaokolewa na shehena za chakula kutoka Ireland. Milimani mfalme hakuwa na amani. Baharini alikuwa na meli. Kwa hiyo huku habari ya ngome na habari ya pwani ni moja, na safari yetu nimeipanga kwa kufuata hilo.

Tuanzie Conwy, na chumba tukipange hapo hapo. Treni ya kutoka Manchester hufika Llandudno Junction kwa muda wa kama saa mbili, na kutoka kituoni ni kuvuka daraja tu. Ngome ina minara 8, na ukuta wa mji una mingine 21. Sehemu kubwa ya ukuta huo mtu hutembea juu yake. Nataka wewe usimame chini ya mnara mmoja utazame matundu madogo yaliyoachwa kwenye mawe. Hayakwenda sawasawa kwa mstari wa mlalo. Yanapanda huku yakiuzunguka mnara, kwa sababu ndimo mafundi walimochomeka miti ya jukwaa la mteremko la kupandishia mawe. Ni ufundi wa Savoy, alikotoka fundi mkuu wa mfalme, James wa Saint George. Kisha utafute mabaki ya weupe ukutani. Kuta hizi zilipakwa chokaa zikawa nyeupe pe. Wewe uliyechoma chokaa na kuipaka kwenye matumbawe utayaona mambo ambayo wageni wengi huyapita.

Lakini tusiishie kwenye ufundi. Kabla ya ngome, pale palikuwa na nyumba ya watawa, na ndipo alipozikwa Llywelyn Mkuu, babu yake yule aliyeuawa. Edward aliwahamisha watawa, akajenga juu ya mahali pao, na ndani ya ukuta akaweka walowezi wa Kiingereza. Wenye nchi wakawa wageni kwenye mji uliojengwa katika ardhi yao.

Kutoka Conwy tutavuka mlango-bahari wa Menai tuingie kisiwa cha Anglesey, ambacho wenyewe hukiita Ynys Môn. Huko ndiko iliko Beaumaris, ukuta ndani ya ukuta, imezungukwa na handaki la maji, na langoni pana gati ambapo meli zilishusha mizigo. Haijamalizika kujengwa hadi leo. Ili ijengwe, watu wa Llanfaes, mji wa Kiwelshi uliokuwa jirani na wenye biashara yake, waliondolewa wakapelekwa upande wa pili wa kisiwa, mahali panapoitwa Newborough. Nataka siku hiyo hiyo tuwafuate walikopelekwa. Leo Newborough ina ufuo mpana wenye msitu wa misonobari nyuma yake, na ng'ambo ya maji mnaiona milima ya Eryri. Mwisho wa ufuo kuna kisiwa cha Ynys Llanddwyn, ambako kwenye bamvua kubwa maji hukata njia. Tutaangalia majira ya kupwa na kujaa kabla ya kuondoka, kama mlivyonifundisha nilipokuwa mdogo.

Caernarfon nimeiweka siku ya peke yake, mjomba, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni magoti ya mkaza mjomba. Ngazi za ngome hizi ni nyembamba, zinazunguka, na mawe yake yamelika. Caernarfon, kwenye Lango la Mfalme, waliweka lifti mwaka 2023, na hata asiyeweza ngazi hufika juu akauona mji na bahari. Harlech nayo tangu 2015 ina daraja la miguu linaloingia moja kwa moja langoni.

Sababu ya pili ni watu. Ngome hii ilijengwa iwe makao ya utawala wa mfalme, lakini leo mkienda sokoni chini yake mtasikia Kiwelshi: muuza mboga na mteja wake, mama na mwanawe, vijana na simu zao. Katika sensa ya 2021 wanaozungumza Kiwelshi Wales nzima walikuwa kama watu 538,000, chini ya mmoja kati ya watano. Ila katika wilaya hii ya Gwynedd walikuwa karibu wawili katika kila watatu. Katika karne ya 19 zilikuwapo shule huko ambamo mtoto aliyeteleza akasema Kiwelshi alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka ampate mwenzake aliyekosea, na wa mwisho kubaki nacho akachapwa. Mama alinisimulia kwamba Kenya nako watoto walivikwa kibao cha namna hiyo kwa kusema lugha ya nyumbani. Nilipoambiwa habari ya huku nilisikia uchungu, na nikasikia pia faraja, kwa sababu hawa hawakukubali. Walikuwa na Biblia yao iliyofasiriwa na William Morgan mwaka 1588, wakawa na mashairi na mikutano yao, na tangu 2011 sheria inakitambua Kiwelshi kuwa lugha rasmi nchini mwao. Wanangu waliozaliwa na wanaokua huku nataka wayaone haya wakiwa na nyinyi, maana Kiswahili chao kinategemea tutakavyoamua sisi wakubwa.

Kuna mahali pengine ambapo huenda msipapende, nami naomba tupite. Karibu na Bangor lipo jumba linaloitwa Penrhyn Castle. Limejengwa kama ngome ya kale, lakini ni la karne ya 19 tu. Fedha zilizolijenga zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na Waafrika watumwa, na kwenye machimbo ya sleti ya hapo hapo milimani. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Waingereza, mwenye jumba, George Hay Dawkins-Pennant, alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 14,000 kwa ajili ya watu 764. Watu hao 764 hawakulipwa kitu. Ndani ya jumba kuna kitanda cha sleti chenye uzito wa tani moja. Nje, katika kijiji cha Bethesda, wachimbaji waligoma kuanzia 1900 hadi 1903, na familia zao zikaweka kadi madirishani kutangaza kwamba ndani hamna msaliti. Sisi watu wa pwani, ambao bandari zetu nazo ziliuza watu, hatuna sababu ya kulikwepa jumba hili. Tuingie, tusome majina na hesabu, tuwaombee waliodhulumiwa.

Siku za mwisho tutashuka kusini kwa reli. Kutoka Llandudno Junction treni hupanda bonde hadi Blaenau Ffestiniog, na hapo tutabadili tupande ile reli nyembamba iliyofunguliwa 1836 kuteremshia sleti hadi bandari ya Porthmadog. Karibu na hapo ni Cricieth, ngome iliyoanzishwa na Wawelshi wenyewe, chini ya Llywelyn Mkuu, juu ya rasi inayotazama bahari. Harlech tutaiona kesho yake. Zamani maji yalifika chini ya mwamba wake. Sasa bahari imerudi nyuma, na kati yake na ngome ni vilima vya mchanga.

Sasa mambo ya kujiandaa. Viza ya mgeni ya Uingereza inatosha. Hakuna mpaka wa kukaguliwa mkiingia Wales. Maombi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu, basi anzeni mapema. Mtu akiwashawishi mpande meli ya Holyhead hadi Dublin, kataeni: Ireland ni nchi nyingine na viza yake ni nyingine. Leteni makoti ya mvua na viatu visivyoteleza, maana mvua ya milima hii haichagui msimu. Bahari ni ya baridi hata Juni. Jua litazama baada ya saa tatu na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo usiku wa kulala utakuwa mfupi baina ya Isha na Alfajiri. Chakula cha halali hakipatikani kila mji mdogo. Nyama nitanunua Manchester na chumba tutachukua chenye jiko. Tiketi za ngome nyingi huuzwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales inayozitunza, na wana tiketi ya pamoja ya siku kadhaa ambayo itatupunguzia gharama.

Chakula kingine, zawadi na malazi naomba tununue kwa wenyeji, katika maduka ya Caernarfon na Bethesda. Ngome zimebaki kwa sababu ni za mawe. Watu wa nchi hii wamebaki kwa sababu kila kizazi kiliamua kubaki, na mgeni akija na fedha yake anaweza kuwa upande wao.

Nijibuni kabla ya mwisho wa mwezi ili nipange vyumba. Nisalimieni wote.

Mpwa wenu,
Manchester