Usukani Uliotetemeka

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari ya motakaa yetu. Ni habari ya kutuaibisha, walakini tumeona ni vema kuitoa, kwa kuwa ina faida mbili: moja kwa mtu mwenye motakaa, na moja kwa mtu mwenye ulimi.

Tulikuwa tumetoka Mbulu kwenye arusi, twarudi nyumbani Endasak katika wilaya ya Hanang. Waijuao njia ile wajua kwamba Mbulu iko juu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na mtu apitaye Dongobesh hana budi kuteremka mlima mkali kabla ya kufika Dareda, penye barabara ya lami itokayo Babati kwenda Singida. Jua lilikuwa karibu kuchwa, motakaa imejaa watu na mizigo, nasi tulikuwa na haraka. Basi tukaushuka mlima wote kwa gia ya juu, mguu haubanduki kwenye breki. Tulipofika chini tulisikia harufu ya kitu kiunguacho. Papo hapo kundi la ng'ombe likakatiza njia. Tukasimama mtelemkoni, tumekanyaga breki kwa nguvu, hata ng'ombe wa mwisho akapita. Kisha giza likaingia, nasi tukaenda polepole mpaka nyumbani.

Asubuhi yake mwana wa ndugu yetu, kijana tunayekaa naye, akatuomba motakaa ampeleke bibi yake Katesh. Aliporudi akaja mbele yetu kwa adabu, akasema, "Shikamoo, Baba Mdogo. Motakaa ina kasoro. Nikikanyaga breki katika mwendo mkubwa, usukani watetemeka mikononi."

Hatukumwuliza neno. Tulimjibu, "Jana ilikuwa nzima. Umeikimbiza kwenye lami, ukaiharibu. Gharama utalipa wewe." Kijana akaweka ufunguo mezani, akatoka. Usiku ule hakuja kula pamoja nasi, na bibi yake naye alikula kidogo tu.

Siku ya pili tukaenda kwa fundi mmoja wa Katesh, mtu mzima asiye na maneno mengi. Njiani rafiki alikuwa ametuambia kwamba diski za breki zimepinda, hazina dawa ila kununua mpya. Fundi aliposikia hayo akasema, "Mwalimu, diski kupinda kweli ni jambo la nadra. Kwanza tupime."

Akapanda pamoja nasi barabarani, mahali palipo peupe pasipo watu. Akatuambia twende kilometa 80 kwa saa bila kugusa breki. Motakaa ikatulia. Akasema, "Kama ingetetemeka sasa, ningetazama tairi na balansi yake." Kisha akatuambia tukanyage breki taratibu. Usukani ukatetemeka kama mkono wa mwenye homa. Akasema, "Mtetemo ukija katika usukani, mara nyingi kasoro iko magurudumu ya mbele. Ukija katika kiti, tutazame ya nyuma."

Tuliporudi akapiga jeki, akajaribu nati za magurudumu, akayatikisa ili ajue kama beringi na viungo vimelegea. Vyote vilikuwa vizima. Ndipo akavua magurudumu ya mbele. Akapima unene wa kila diski kwa maikromita mahali panane, akaulinganisha na kipimo cha chini kilichochapwa katika diski yenyewe. Unene ulitosha. Lakini katika kila diski palikuwa na sehemu moja iliyozidi kidogo, na juu yake waa jeusi lenye umbo la pedi ya breki, kana kwamba mtu amepiga muhuri.

Akatueleza, "Breki ikipata moto mwingi, pedi hulainika juu. Motakaa ikisimama na mguu ungali umekanyaga, pedi huacha sehemu ya mwili wake pale pale iliposhikana na diski. Tofauti ya unene ni sehemu chache tu za mia za milimeta, lakini kila diski izungukapo, pedi hupanda na kushuka pale, na mtetemo hufika usukani. Sasa niambieni: mlisimama wapi na breki zikiwa za moto?"

Tulinyamaza. Tulikumbuka ile harufu na wale ng'ombe. Kutoka Endasak hata Katesh hakuna mlima kama ule, wala kijana hakusimama na breki zenye moto. Muhuri ule ulikuwa wetu.

Fundi akayafuta yale mawaa kwa msasa, akasafisha kutu mahali diski inapokaa, akakaza nati kwa kupishana. Kisha akatuagiza tukanyage breki mara kadhaa kutoka mwendo wa kilometa 60 hata 10 bila kusimama kabisa, halafu tuende mwendo mrefu breki zipoe. Mtetemo ukakoma. Alituonya kwamba moto ukizidi, chuma chenyewe chini ya waa hugeuka kuwa kigumu, wala msasa haufai tena. Hapo diski hubadilishwa. Akamwaga pia mafuta ya breki ya zamani, kwa kuwa hunywa maji ya hewani. Yale yaitwayo DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya kufika nyuzi 205 za sentigredi. Yakiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na hapo kanyagio huzama na motakaa haisimami. Tuliwakumbuka watu wote tuliowapakia siku ile mlimani, tukamshukuru Mungu.

Jioni tulimwita kijana mbele ya bibi yake na watoto, maana mbele yao tulimshitaki. Tukamwambia, "Mwanetu, kasoro ni yetu. Wewe ulisema kweli, nasi tulikuhukumu kabla ya kupima. Utusamehe." Akainamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, Baba Mdogo." Kisha akaketi, tukala pamoja.

Basi, ndugu mtelemkao milima yetu, tieni gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ishike mzigo. Kanyageni breki, mwachie, ipate kupoa. Mkisikia harufu, tafuteni mahali pa tambarare, mtie kigingi gurudumuni, mwondoe mguu kwenye breki, wala msiimwagie maji. Na mtoto wa nyumbani akileta habari ya kasoro, mpeni kiti kwanza, mmwulize.