Noeli hununuliwa kiangazi

Nyangwe, mwezi wa Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Huku kando ya mto Lualaba sote tu wazima. Bibi yako anakohoa kidogo, ila shamba bado anakwenda mwenyewe. Utashangaa mjomba wako kukuandikia habari za Noeli wakati mvua ndiyo kwanza imekatika, lakini wakati wake ni huu.

Desemba iliyopita ulishuka kwenye pikipiki umelowa chapachapa, mfuko wa zawadi begani. Watoto walikukimbilia kwa vigelegele. Nami nilifurahi, ila niliona uso wako ni wa mtu anayehesabu. Kufika Bonane, siku ya Mwaka Mpya, yale magari ya plastiki yalikuwa yameng’oka magurudumu. Januari ukapiga simu kuomba tukusaidie kodi ya nyumba. Sikulaumu, maana njia hiyo niliipita kabla yako. Mwaka niliooa nilichukua nguo za Noeli za nyumba nzima kwa mkopo, nikazilipa kwa mpunga wote wa msimu ule. Tulikula mihogo mpaka mavuno mengine, na mke wangu hakuivaa nguo ile kwa raha hata siku moja. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Desemba bei hupanda kwa sababu watu wote wananunua siku zilezile, tena barabara imeharibika. Mzigo wa kutoka Kindu au Bukavu ukikwama matopeni, siku za kukwama analipa mnunuzi. Sasa njia ni kavu. Anza na kikwembe: kipande kimoja cha yadi 6 kinatoa vitambaa vitatu vya yadi 2, kwa bibi yako, mama yako na dada yako, wote sare moja. Cha kushonwa kifike kwa fundi kabla ya Oktoba, kwa sababu Desemba hata ukimlipa hana usiku wa kutosha.

Pili, nitumie kwa simu pesa ya tetea mmoja. Jogoo ninaye. Mayai huatamiwa siku 21, na vifaranga wa Julai ndio kuku wa Noeli. Mwewe atachukua wake, ugonjwa utachukua wake, lakini wakibaki watatu tu, mmoja ni wa chungu na wawili ni zawadi ambazo hakuna mzee wa hapa atakayezidharau.

Tatu, likelemba, mchango wa kupokeana kwa zamu. Tafuta wenzako watano unaowajua mpaka nyumbani kwao. Mkiwa watu 6, kila mmoja akitoa faranga 20,000 kwa mwezi kuanzia Juni hadi Novemba, fungu ni 120,000. Omba zamu ya mwisho, ile ambayo wengi huikimbia. Wa kwanza anapokea deni. Wa mwisho anapokea akiba yake.

Nikirudi kwenye kuku na kununua, kuna jambo ambalo mtoto wa Nyangwe hapaswi kulisahau. Tarehe 15 Julai 1871 soko letu lilikuwa na watu wapata 1,500, wengi wao wanawake waliovuka mto kwa mitumbwi. Livingstone, yule msafiri wa Kizungu, alikuwapo. Aliandika kwamba aliona watu wenye bunduki wameingia sokoni, mmoja wao akibishania bei ya kuku na kumng’ang’ania. Kabla Livingstone hajafika mbali akitoka sokoni, risasi zikalia nyuma yake. Wafanyabiashara wa watumwa, mabwana wa watu hao wenye bunduki, walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wakizama Lualaba. Bunduki ndizo zilizoua, si bei ya kuku. Lakini tangu nilipoisikia habari hiyo nikiwa mdogo, siwezi kuvumilia mtu kumfokea mama wa sokoni au kumnyang’anya kitu mkononi. Yule mama naye ana Noeli yake nyumbani. Anayenunua mapema anaweza kusalimia, kuuliza, kwenda zake na kurudi siku nyingine. Anayenunua mkesha wa sikukuu hana nafasi hiyo, ndiyo maana hugombana.

Jambo la mwisho ndilo gumu. Ukitoka huko Kindu unakoishi, kila mtu hapa anadhani umetoka kwenye hazina. Usingoje kufika ndipo uwaambie. Nimekwisha sema na mama yako na wajomba zako: sisi watu wazima hatudaiani zawadi. Ukiacha kile kikwembe, zawadi ni za watoto na wazee, na kila mtoto apate kitu kimoja kitakachofika Pasaka: daftari, viatu, shati la shule. Sisi wengine tutakula pamoja wali na sombe ya mawese. Kuku atachinjwa na jirani yetu Mwislamu kama kawaida, ili na nyumba yake ile nasi, jinsi tunavyokula kwao siku ya Idi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nataka Desemba ushuke kwenye pikipiki ukiwa na mfuko mdogo na uso uliotulia. Tetea nimekwisha mchagua, mwekundu, hatoki kiotani hata ukimgusa. Mwenye kuku ameniahidi kumshikilia mpaka mwisho wa mwezi huu tu.

Mungu akulinde na abariki kazi ya mikono yako.

Ni mimi, mjomba wako