Karani wa Laphroaig

Jamani, leo siasa naiweka pembeni, nataka niwasimulie habari za wiski. Kabla hamjaanza kunishangaa, mimi si mnywaji. Kilichonivuta ni karani mmoja.

Kiwanda chenyewe ni Laphroaig, kando ya bahari kusini mwa kisiwa cha Islay, Uskoti. Ndugu wawili, Alexander na Donald Johnston, walikianzisha mwaka 1815. Shayiri iliyooteshwa hufukizwa kwa moshi wa udongo mweusi unaochimbwa vinamasini, ndiyo maana wiski yake inanuka kama dawa ya vidonda. Inasimuliwa kuwa enzi za marufuku ya pombe Marekani (1920-1933) iliuzwa huko kama dawa. Nani angebisha akishainusa?

Mwaka 1934 akaja binti kutoka Glasgow, Bessie Williamson, msomi wa chuo kikuu, kupiga chapa msimu wa kiangazi. Kibarua tu! Mwenye kiwanda, Ian Hunter, alikuwa wa mwisho katika ukoo, hana mtoto, na msiri kweli kweli kuhusu wiski yake. Mwaka 1938 akapata kiharusi. Kazi moja moja zikahamia kwa Bessie, mpaka akawa ndiye anayekiendesha kiwanda. Hunter alipofariki mwaka 1954, alimwachia yeye. Alistaafu mwaka 1972.

Wengi huiita bahati ya mtende. Mimi nakataa. Miaka 20 ya kujifunza kazi si bahati.

Naandika haya nikiwa mwandishi ninayelipwa kwa habari, mwaka wa tatu sasa, na mkataba wangu ni maneno mawili: "subiri kidogo". Sidai mtu aniachie gazeti. Nauliza tu, kuna anayenifundisha? Habari yangu ikikatwa, hakuna anayeniambia ilikosa nini. Hunter, pamoja na usiri wake wote, alimfundisha kibarua.

Kisheria, wiski ya Uskoti hukaa kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3. Nayo inasubiri, lakini pipa linaifanyia kazi: linaipa rangi, linaipunguzia ukali. Ukiisahau kwenye chupa miaka hiyo hiyo, itatoka vile vile ilivyoingia.

Wahariri mnaopita hapa, hebu tuambieni: sisi mmetuweka kwenye pipa, au kwenye chupa?