Fomu Haijui Mbuzi

Kakangu mdogo ana ulemavu wa akili. Alipopimwa anavyojimudu kila siku, hapa Kimilili, maza aliulizwa: anaweza kutumia maikrowevu? Wasee, sisi tunapikia kuni! Akapewa sufuri.

Huyo kijana hufunga mbuzi, huteka maji, hupeleka mahindi kusagwa na kurudi na chenji kamili. Hakuna aliyeuliza hayo.

Kipimo maarufu cha aina hii, Vineland, kilianzia New Jersey, Marekani, 1935. Sawa, kimerekebishwa. Lakini kutafsiri maswali pekee haitoshi. Yajaribiwe kwanza kwa watoto wa huku. Kilifi walitengeneza chao, cha watoto wa miezi 6 hadi 35. Inawezekana.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kubishana na mtu. Ila fomu hiyo ndiyo iliyoamua darasa la kakangu.