Kabla ya Kuitwa Mhandisi

Nilikuwa katibu wa chama hiki. Mlezi wetu ameniomba niwaeleze wadogo wangu nilivyoutumia muda wa kusubiri baina ya mtihani wa KCSE na kuanza shahada ya uhandisi wa mitambo. Wengi hudhani huo ni muda wa kulala. Mimi sikulala, ila nilichokifanya kilinitia aibu.

Mjomba wangu ana karakana Kariobangi Light Industries, jijini Nairobi. Nilipofika kwake mwezi wa Desemba, nilikuwa na maringo ya tausi. Fizikia nilikuwa nimeipiga vilivyo! Mjomba hakunipa hesabu yoyote. Alinipa tupa na kipande cha chuma, akasema, "Haya mpwa wangu, nyoosha pande zote nne." Siku tatu nzima. Viganja vikatoka malengelenge, na chuma bado kilikuwa kimepinda.

Januari akaja mama mmoja mwenye mashine ya posho. Shafti yake ilikuwa imelika, beringi inacheza. Beringi yenyewe ilikuwa namba 6205, ambayo tundu lake ni milimita 25. Shafti mpya ikafungwa kwenye leithi (wanachama, neno letu zuri ni kukereza, lakini ukilitamka pale watadhani unazungumzia miguu ya vitanda vya Lamu). Fundi akereza, mimi nipime kwa kalipa. Nikasoma milimita 25 kamili, nikapaza sauti, "Sawa!"

Lo! Beringi iliyopasa kuingia kwa kubanwa iliteleza kwa kidole kimoja, ikatikisika kama jino bovu. Mjomba akaichukua ile kalipa, akafunga taya zake, akanionyesha. Taya zimegusana, hakuna kitu katikati, nayo inasoma milimita 0.4. Maana yake shafti yangu ilikuwa 24.6.

Jamani, kosa la sufuri! Jambo la kidato cha pili. Nimelijibu kwenye mitihani mara ngapi? Karatasini sikulikosa hata siku moja. Lakini karatasini mwalimu hukuambia kwamba kalipa ina kosa. Karakanani hakuna wa kukuambia.

Chuma kikishakatwa hakirudi. Ilibidi shafti ijazwe kwa kuchomelea, kisha ikerezwe upya. Yule mama alipoteza siku mbili za biashara, na mjomba hakuchukua hata senti yake. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ni wewe ndiye unaenda chuo?" Heri angenizaba kofi.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza kwa adabu. Mjomba aliacha shule darasa la saba, lakini huchora kifaa kwa chaki sakafuni, mbele, juu na ubavuni, na fundi yeyote akakitengeneza bila kuuliza. Mimi mchoro wangu wa kwanza haukueleweka hata nami mwenyewe. Nilinunua daftari la mraba nikawa nachora kila jioni: bomba la maji, kufuli, pedeli ya baiskeli. Kwenye saiba nikajaribu programu ya FreeCAD, ambayo ni ya bure, lakini kwa maoni yangu anza na penseli. Kompyuta haitakimbia. Kalkulasi ya kidato cha nne nayo usiichome pamoja na madaftari, maana shahada hii ni miaka mitano na hisabati inakungoja mlangoni. Nami nilikuwa karibu kuichoma, ati kusherehekea.

Kama huna mjomba Kariobangi, hata fundi wa baiskeli sokoni kwenu atakupa spana ukimwamkia vizuri na kukubali kufagia.

Mwezi wa Julai yule mama alirudi, safari hii na puli iliyopasuka. Akanitazama, akamtazama mjomba. "Atapima nani?" Mjomba akaninyoshea kalipa bila kusema neno. Nikafunga taya kwanza, nikasoma, nikaandika chini. Mama akavuta kigoda, akaketi karibu kabisa na leithi.