Kijana Anapoinua Mkono Nyumbani

Ndugu msomaji, habari hii ni ya aibu kwangu. Kwa muda mrefu sikumweleza mtu. Lakini najua ziko nyumba nyingine zinazoficha jambo kama hili, na watu wanaumia ndani. Kwa hiyo nitakueleza yaliyotokea nyumbani kwangu.

Mimi ni mkulima wa wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Ninalima mahindi na ufuta. Mwaka 2018 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 16. Alikuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea na masomo, basi tukawa tunalima pamoja. Alikuwa amekwisha kunipita kimo na nguvu.

Jioni moja ya mwezi wa Julai alichelewa kurudi. Mama yake alikuwa anatwanga. Akamwuliza, "Mwanangu, umetoka wapi saa hizi? Mbuzi wameingia katika shamba la watu." Kijana hakujibu. Mama yake akauliza tena. Mara kijana akamnyang'anya mchi, akampiga nao mkononi. Mimi nilikuwa ndani, na nilisikia mfupa ukivunjika.

Nilitoka nje na panga. Ndiyo, panga. Mke wangu alisimama mbele yangu, ameushika mkono wake uliovunjika. Akasema, "Baba watoto, ukimkata huyu, yeye atakwenda kaburini na wewe utakwenda jela. Mimi nitabaki na nani?" Nikaliweka panga chini. Kijana akakimbia, akalala porini.

Tulikwenda zahanati. Muuguzi alimwuliza mke wangu mara mbili, "Mama, umeumiaje?" Mara zote mbili alijibu, "Nilianguka kisimani." Nami nilisimama pale nikiitikia kwa kichwa. Tukapelekwa hospitali, akafungwa plasta ngumu. Kijijini pia tulisema ni kisima.

Hapo ndipo tulipokosea, ndugu msomaji. Kijana aliona kwamba amevunja mkono wa mama yake na hakuna aliyesema neno. Mimi nilimnunia tu. Baada ya wiki tatu alivunja mlango kwa teke. Siku nyingine akamtisha mdogo wake wa kike kwa jiwe, kwa sababu ya sahani ya ugali. Binti yangu akawa analala kwa jirani. Mtoto mdogo kuikimbia nyumba ya baba yake!

Aliyekata shauri ni mke wangu. Hakuniomba ruhusa. Alikwenda kwa kaka yake akamweleza yote, pamoja na habari ya panga. Sisi ni Wakaguru. Kwetu ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake. Kwenu labda mwenye neno ni baba mkubwa, au bibi, au shehe, au padri. Mtafute yule ambaye kijana humsikiliza. Usimchukue mtu kwa sababu tu ni rafiki yako wewe.

Shemeji yangu alifika, akala, hakusema kitu. Kesho yake akamchukua kijana, wakaenda shambani kwake. Walikaa siku tatu wakifyeka. Siku ya tatu kijana alisema. Shemeji akarudi kunieleza, naye hakunibembeleza.

"Shemeji," alisema, "ulimwahidi mtoto huyu gunia moja la ufuta. Umeuza yote, umenunua mabati. Kisha ulimchapa fimbo mbele ya wenzake, mtu mwenye miaka 16. Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilidhani kukunja maana yake ni kupiga. Nilimpiga tangu akiwa mdogo. Alipokasirika, alifanya kile alichoniona nikifanya kila siku nilipokasirika. Nilikaa kimya muda mrefu, maana sikuwa na jibu.

Lakini sikiliza jambo la pili alilosema shemeji, kwa sababu watu hulisahau. Alisema, "Ufuta ni deni lako. Mkono wa dada yangu ni deni lake. Deni moja halifuti jingine." Akamwita kijana mbele yetu. Kijana akamwomba mama yake radhi. Akapewa kazi zote zilizohitaji mkono ule: kuchota maji, kutwanga, kukata kuni, mpaka plasta itakapotolewa na mkono utakapopata nguvu. Vijana wenzake walimcheka kwa kutwanga. Alitwanga hivyo hivyo. Mimi nikaambiwa niache fimbo, na msimu ujao nitoe gunia langu.

Usifikiri mambo yalikwisha siku ile. Hasira haiondoki kwa kikao kimoja. Wataalamu wanaeleza kwamba sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kutenda kwa hasira hukomaa polepole, mpaka mtu anapopita miaka 20. Kwa hiyo mwili wa kijana huwa wa mtu mzima kabla kichwa hakijawa tayari. Sisi wazazi tulilazimika kujifunza namna ya kukaa naye wakati hasira imempanda.

Kwanza tuliondoa silaha. Panga, shoka na mchi vililala kwa jirani, ambaye sasa alijua sababu. Tulimwomba jirani huyo aje mara moja akisikia tunamwita. Watoto wadogo waliambiwa wakisikia sauti zinapanda, watoke waende kwake bila kungoja kuambiwa.

Kisha tulijifunza kutobishana. Mtu aliyepandwa na hasira hasikii maneno, hata yakiwa ya kweli. Sema machache kwa sauti ya chini: "Nimesikia. Tutazungumza kesho." Usisimame mlangoni ukamzibia njia. Usimshike. Usimtukane mama yake wala ukoo wake. Mwache atoke, au toka wewe. Najua baba atauliza, "Mimi nitoke katika nyumba yangu?" Nami nilijiuliza hivyo. Mwezi wa Oktoba kijana alirusha sufuria ya maharage ukutani. Nilitoka nikakaa chini ya mwembe, mikono inatetemeka. Nilijiona mtu duni kabisa. Baada ya muda nilisikia ndani kumetulia. Asubuhi alikuwa anafagia maharage mwenyewe, na hapo ndipo tulipozungumza. Aliuza kuku wake akalipa sufuria.

Tulimweleza pia mpaka uko wapi. Akimpiga mtu tena, hatutasema kisima. Tutakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa afisa ustawi wa jamii, na polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mzazi huona kumpeleka mwanawe huko ni kumtupa. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kesi yake husikilizwa kwa utaratibu wa watoto. Iko pia namba ya simu 116, ambayo hupigwa bure kwa mambo ya watoto. Na kama ameshika panga na watu wako hatarini, usingoje kikao wala mjomba. Toeni watu nje, piga kelele, ita msaada.

Kijana wangu hakuvuta bangi wala kunywa gongo. Wako pelelezi vizuri, kwa upole. Na kama halali usiku, anazungumza peke yake, au anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, huo huenda ni ugonjwa. Mpeleke zahanati, waeleze kila kitu kama kilivyo. Usimfunge kamba nyumbani.

Mwaka 2019 tulivuna magunia manne ya ufuta. Moja nilimpa mbele ya mjomba wake. Aliliuza mwenyewe, akanunua baiskeli. Hakumletea mama yake hata kanga moja. Jambo hilo liliniuma, na maneno yalinifika mdomoni. Nikanyamaza, kwa sababu ufuta ulikuwa wake. Mke wangu alikuwa anatwanga. Kijana aliegemeza baiskeli ukutani, akaja akanyoosha mkono ili apewe mchi. Mama yake alimtazama kidogo, kisha akampa.